Walipoacha Kuitikia: kisa cha usomaji wa vitabu vya picha katika nasari ya makazi ya wakimbizi, Uganda

Mahali na watu

Kisa hiki ni cha nasari moja katika makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda. Majina ya watu nimeyabadili. Jina la makazi, la nasari na la waliokuwa wakiifadhili nimeyaacha kabisa. Mimi ni mkufunzi wa walezi. Kazi yangu ni kukaa nyuma ya darasa, kutazama, halafu kuzungumza na mlezi watoto wakishaondoka.

Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na upande huu wa nchi wengi wao wametoka Kongo. Familia ikifika makazini hupewa kipande cha ardhi. Kwa hiyo usimfikirie mtoto wa nasari hii kama mtoto wa kambi ya mahema. Anaishi katika nyumba ya udongo yenye bati au turubali juu, mama yake analima maharage na mahindi, na jioni yeye mwenyewe anatumwa kisimani na kijerikani chake. Kilichochanganyika ni lugha. Darasa lilikuwa na watoto 58 wa miaka mitatu hadi mitano: Wabembe, Wafulero, Washi, Wanyabwisha. Nyumbani kila mmoja ana ya kwao, lakini uani, pale wanapogombania mpira wa matambara, lugha ni Kiswahili cha Kivu.

Walezi walikuwa wawili. Mama Zawadi alikuwa amefundisha shule ya msingi Kivu Kusini kabla ya kukimbia; watoto walimwita madamu, watu wazima walimwita kwa jina la mwanawe. Mwenzake, Dada Aline, alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye sauti ya kuimba na mkono mzuri wa kuchora. Elimu ya awali nchini Uganda haigharamiwi na serikali. Sheria ya Elimu ya 2008 iliiachia sekta binafsi. Posho ya walezi (ile ya fedha, si ile ya kula) ilitoka kwa mfadhili na kwa michango ya wazazi, na mara nyingi ilichelewa. Nalitaja hili mapema kwa sababu litarudi.

Vitabu vilikuwepo. Sanduku la bati lilikuwa na vitabu 31 vya msaada, vyote vya Kiingereza, kimoja kikiwa cha mtoto anayefinyanga mtu wa theluji.

Nilichokikuta

Mama Zawadi alisoma kila Jumanne na Alhamisi baada ya uji. Siku ya kwanza nilikaa kwenye benchi la nyuma na daftari langu. Alikuwa anakitazama Kiingereza, anakigeuza Kiswahili papo hapo, na watoto wanaitikia:

"Hii ni kuku. Semeni kuku."

"Kuku!"

"Kuku eko nakula mahindi. Semeni mahindi."

"Mahindi!"

Somo lilichukua dakika 14. Watoto waliitikia kwa pamoja zaidi ya mara 40. Katika dakika hizo zote hakuna mtoto aliyesema sentensi yake mwenyewe, ukimwacha yule aliyeomba kwenda chooni. Waliokaa mbele waliona picha. Waliokaa nyuma waliona visogo vya wenzao, na waliitikia kwa nguvu kuliko wote.

Mgeni angelipenda darasa lile. Watoto wamechangamka, sauti zinapanda, mlezi ana kitabu mkononi. Ni darasa la kupigwa picha na kuwekwa kwenye ripoti, na nakiri kwamba miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii ningeandika "usomaji unaendelea vizuri" na kupanda bodaboda yangu.

Watoto walipoondoka nilimuuliza: "Mama Zawadi, unaposoma unataka nini kutoka kwao?"

Akafikiri. "Wajue kitabu, mwalimu. Na watulie."

Lilikuwa jibu la kweli. Ukiwa na watoto 58 na turubali linalopigapiga kwa upepo, kutulia si jambo dogo.

Uamuzi wa kwanza, na kosa langu

Niliamua kwamba tatizo ni lugha ya vitabu. Lilikuwa jambo rahisi kuliona, na dawa yake ilikuwepo. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi za watoto zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzipakua, kuzichapisha na hata kuzitafsiri bila malipo. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuufanyia majaribio. Nikaenda mjini, nikapiga fotokopi vijitabu 12, rangi nyeusi na nyeupe kwa sababu ya bei, nikavifunga kwa uzi.

Kitabu cha kwanza kilikuwa na mvulana anayekwenda kumtembelea bibi yake. Mama Zawadi alisoma kama kilivyoandikwa. Kukawa kimya. Kisha msichana mmoja wa mbele akauliza, amekodoa macho: "Ana bibi? Ule mutoto?"

Darasa zima likaangua kicheko, na Mama Zawadi akacheka hadi akafuta machozi kwa pindo la kitenge. Katika Kiswahili cha Kivu bibi ni mke. Mama wa mama yako ni koko. Walikuwa wanamwona mvulana wa miaka saba anayesafiri kwenda kwa mke wake. Mimi nimekulia kambi ya polisi Kampala, Kiswahili changu ni cha mabarakisi, cha baba askari na majirani kutoka kila pembe ya nchi. Nilijua kwamba Kiswahili si kimoja, na bado nilipiga fotokopi bila kumwonyesha mtu.

Hapo tukaamua kwamba mlezi asimulie kwa Kiswahili cha watoto, na neno la kitabu alitaje kando yake: "Kitabu kinasema bibi. Sisi tunasema koko." Sikutaka neno la mtoto lifutwe kana kwamba ni kosa. Wala sikutaka la kitabu liachwe, maana atakutana nalo tena.

Lakini somo lenyewe lilikuja kwenye ukurasa wa tano wa kitabu kingine. Fotokopi ilikuwa imemmeza mnyama mmoja, akabaki doa jeusi lenye miguu minne. Mama Zawadi akasema, "Hii ni..." akasita. Akakisogeza kitabu kwenye mwanga.

"Mbwa!"

"Hapana, ni mbuzi. Ona pembe."

"Ile ni masikio!"

"Mbwa hakule majani. Iko kwa majani."

"Eko nalala tu kwa majani. Hakule."

Mama Zawadi alifungua mdomo kuwanyamazisha. Nikiwa kule nyuma nilimpungia mkono: ngoja. Ubishi uliendelea kama dakika tatu. Watoto walisogea hadi kwenye goti lake, wakaonyeshana kwa vidole, wakatoa sababu. Walikuwa wanasema sentensi zenye "kwa sababu" ndani yake. Vitabu vizuri vya rangi havikuwahi kuwafanya hivyo, doa la fotokopi likawafanya. Nilipokuwa narudi mjini ndipo nilipoelewa kwa nini. Ilikuwa mara ya kwanza madamu kuuliza kitu ambacho yeye mwenyewe hakukijua. Lugha ya kitabu ilikuwa tatizo, ndiyo, lakini tatizo dogo.

Kundi dogo na vidole vitano

Uamuzi wa pili ulikuwa kuacha kusomea watoto 58 kwa mpigo. Tuliwagawa makundi matano ya watoto 11 au 12. Mama Zawadi alibaki ndani na kundi moja kwa dakika 15, Dada Aline akawapeleka waliobaki nje kwa nyimbo, kamba na mchanga. Tulimpa Mama Zawadi kazi ya kusoma kwa kuwa ndiye mwalimu mzoefu, na Aline nje kwa kuwa ndiye mwimbaji. Wakati ule nilidhani ni mgawanyo wa busara.

Njia tuliyoifuata haikuwa yetu. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio lao na wazazi wa watoto wadogo, wa miezi 21 hadi 35. Wazazi wote walikuwa wakiwasomea watoto wao, ila kundi moja lilifundishwa kuuliza maswali yenye majibu mapana, kupokea jibu la mtoto na kuliongezea. Baada ya mwezi mmoja tu watoto wa kundi hilo walikuwa mbele kwa miezi 8.5 katika kipimo kimoja cha kujieleza. Zile zilikuwa familia zenye uwezo, mtoto mmoja na mzazi mmoja kwenye kochi. Sikutegemea miujiza kama hiyo kwa watoto 12 kwenye mkeka. Nilichochukua ni mwendo wake: uliza, ngoja, pokea, ongeza.

Kuuliza Mama Zawadi alikuwa anajua. Tulibadilisha tu "hii ni nini?", ambayo huzaa neno moja, kuwa "anafanya nini?" na "kwa nini analia?" Kuongeza alikuwa hodari. Kilichomshinda ni kungoja. Aliuliza na kujibu mwenyewe kwa pumzi ileile, kama walimu wengi, mimi nikiwamo. Mwishowe alijibunia dawa: mkono wa kushoto unashika kitabu, wa kulia uko chini yake, na baada ya kila swali anakunja vidole kimoja kimoja hadi vyote vitano. Haruhusiwi kusema mpaka ngumi ifunge. Nilikuwa naiona ile ngumi kutoka nyuma.

"Huyu mama eko nafanya nini?"

Kidole, kidole, kidole.

"Eko natwanga," akasema mmoja, taratibu.

"Eko natwanga, ndiyo. Anatwanga sombe kwenye kinu. Kwenu nani anatwanga?"

"Dada. Mama hatwange, eko na mimba."

Hivyo ndivyo majirani wote walivyopata habari.

Kitabu kimoja kilikaa wiki mbili. Mara ya kwanza picha peke yake, bila kusoma neno. Mara ya pili hadithi. Mara ya tatu mlezi alisimama kabla ya kufunua ukurasa: kutatokea nini? Mara ya nne watoto walisimulia wenyewe, yeye akishika tu. Mama Zawadi alihofia kwamba watachoka. Hawakuchoka. Walichukia tu yeye akiruka ukurasa, na walimkamata kila mara.

Isuka

Baraka alikuwa na miaka minne, Mnyabwisha, mlelewa wa bibi yake (koko wake, niseme). Alikuwa amekuja nasari miezi mitatu bila kusema neno. Katika kuitikia midomo yake ilichezacheza kama ya wenzake, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Kuitikia kwa pamoja humficha mtoto wa namna hii vizuri kabisa. Ni kundi dogo lililomfichua: kwa watoto 12, asiyezungumza anaonekana siku ya pili.

Mama Zawadi alikuja kwangu na hofu kwamba mtoto ana shida ya masikio. Tulikubaliana kwanza tusimlazimishe, ila akae karibu na kitabu na afunue kurasa. Wiki ya tatu, kwenye picha ya shamba, aliweka kidole kwenye jembe na kusema, chini kwa chini: "Isuka."

Mama Zawadi ni Mbembe. Kinyabwisha anakisikia kwa kuungaunga. Angeweza kusema "hapana, hii ni jembe". Akakunja vidole vyake, na alipoona hakuna linaloongezeka akasema: "Isuka! Baraka anasema isuka. Ni jembe. Koko eko na isuka nyumbani?" Baraka akatikisa kichwa kukubali, kisha akaonyesha kwa mikono yote miwili ukubwa wake. Siku hiyo watoto wengine waliondoka wakiimba "isuka, isuka" hadi barabarani. Masikio yake hayakuwa na shida yoyote. Alikuwa na lugha tele, ila si ile iliyokuwa ikiulizwa.

Vitabu vinakwenda nyumbani

Muhula wa pili tulitaka watoto waazime vitabu. Tukaitisha kikao chini ya mti, na baba mmoja akasimama mapema: "Mwalimu, Kiswahili mutoto anakijua. Tuko Uganda, tunataka Kiingereza."

Sikumbishia. Shule za msingi zilizo karibu zinafundisha kwa Kiingereza. Mtaala wa 2007 unataka lugha ya eneo hadi darasa la tatu, lakini lugha ya eneo hilo si lugha ya watoto hawa, basi baba yule alikuwa akisema analoliona. Tulikubaliana robo saa ya nyimbo na maneno ya Kiingereza kila siku, na usomaji ubaki kwa Kiswahili. Wengine wataona niliuza msimamo. Mimi naona nilinunua ruhusa.

Mama mmoja alisema jambo gumu zaidi: "Mimi sijui kusoma. Munanipa kitabu ya nini?" Nilikuwa na jibu, kwa sababu jaribio lililofanywa vijijini magharibi mwa Kenya, matokeo yake yakachapishwa 2020, lilionyesha kwamba wazazi wakipewa vitabu pamoja na mafunzo mafupi, watoto wa wasiojua kusoma hunufaika sawa na wa wanaojua, na kwa baadhi ya vipimo hata zaidi. Lakini utafiti wa Kenya haumsaidii mama aliyesimama chini ya mti. Mama Zawadi alichukua kitabu, akafunika maandishi kwa kiganja, akamwomba mama yule aseme anachokiona. Akaona mengi. Akakichukua.

Kamati ya wazazi ikaweka faini ya shilingi 2,000 kwa kitabu kitakachopotea. Nilikuwepo, nikanyamaza, na ndilo kosa langu la pili. Ndani ya wiki chache uazimaji ulikufa: nani atahatarisha hela ya unga kwa karatasi za uzi, nyumba inavuja? Tulifuta faini, kila kitabu kikapewa mfuko wa kavera, yaani wa plastiki, tukakubali kwamba vingine vitanyeshewa. Vilinyeshewa. Uazimaji ulirudi, ila si kwa wazazi wote waliokuwa wameanza.

Tulichopata

Nilifuatilia watoto kumi. Mwanzoni, na tena baada ya mihula miwili, nilikaa na kila mmoja peke yake na picha ileile isiyo na maandishi, nikamwambia: "Niambie kuna nini hapa." Nikarekodi kwa simu. Mara ya kwanza karibu wote waliorodhesha: mama, kuku, moto. Mara ya pili wanane waliunganisha mambo kwa "halafu" au "kwa sababu", na watatu walianza kusimulia kitu kilichotokea kabla ya picha, ambacho hakikuchorwa popote. Baraka alisema sentensi nne, mbili kwa Kiswahili.

Usiuamini ushahidi huu kupita kiasi. Mtoto wa miaka minne akikua miezi saba atazungumza zaidi hata ukimsomea gazeti. Sikuwa na kundi la kulinganisha nalo, na mara ya pili walikuwa wamenizoea.

Uchambuzi

Ngumi ya Mama Zawadi ilifanya kazi kubwa kuliko vitabu vyangu. Swali lenye jibu moja linalojulikana na madamu humfundisha mtoto kubahatisha anachotaka madamu. Madamu akinyamaza, na akiwa tayari kupokea "isuka" au mbuzi ambaye ni mbwa, mtoto analazimika kutafuta maneno yake mwenyewe, kuyapanga na kuyatetea. Kitabu kinaongeza kitu ambacho mazungumzo ya jikoni hayana: vitu visivyokuwepo hapo. Kuzungumzia mto usiouona, na kesho ambayo haijafunuliwa, ndiyo lugha atakayodaiwa shuleni.

Kundi dogo lilifaa, na lenyewe ndilo lililobeba mbegu ya kuanguka. Mwisho wa mwaka familia ya Mama Zawadi ilipata nafasi ya kuhamia nchi ya tatu, nje ya Kongo na Uganda, wakaondoka ndani ya wiki mbili. Mlezi mpya alikuja, mtu mwema, na nilipofika baada ya mwezi nilisikia kutoka barabarani: "Semeni samaki." "Samaki!" Watoto 50 na zaidi, kwa mpigo.

Nilitaka kumlaumu, halafu nikatazama nje. Kwa mihula miwili Dada Aline alikuwa chini ya mwembe akiimba na watoto 46. Hakuwahi hata siku moja kukaa ndani wakati wa kusoma. Mgawanyo wangu wa busara uliweka ujuzi wote kwa mtu mmoja, katika mahali ambapo watu huondoka, na posho inayochelewa huwahimiza waondoke. Mafunzo yangu yote yalipanda ndege pamoja na Mama Zawadi. Mvua nayo sikuihesabu: ikinyesha wote wako ndani, bati linanguruma, hakuna kundi dogo wala kubwa linalosikia kitu, na msimu wa mvua si wa siku mbili.

Sasa walezi wanabadilishana kila wiki, mmoja ndani, mmoja nje, na siku za mvua hatusomi, watoto wanachora. Aline alianza vibaya, sauti yake ya kuimba ikimsukuma kwenye kuitikia. Kisha akaanza kuchora kurasa zake mwenyewe kwa makaa kwenye karatasi za manila, kwa kuwa fotokopi zilikuwa zimechakaa. Mara ya mwisho nilipokuwepo alikuwa ameshika mchoro wa kitu chenye mkia kikitokeza nyuma ya jerikani, na watoto 11 walikuwa wamegawanyika kati ya panya na nyoka. Mmoja akamgeukia: "Madamu, ni nini?"

"Sijamaliza kuchora," akasema Aline, na mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya karatasi.